Mwaka Niliokabidhiwa Betri

Arobaini ya Fundi Salehe ilisomwa katika nyumba ileile ya mawe, mji wa zamani wa Bagamoyo, ambako nilifanya kazi mwaka mmoja nikiwa na miaka ishirini na tano. Nilitoka kwangu Mapinga asubuhi, nikaingilia mlango wa nyuma kama wanawake wote, nikakuta uani sufuria za pilau zimeinjikwa na Mwajuma amekalia mbuzi ya kukunia nazi ingawa nazi zilikwisha kukunwa zamani. "Shoga, umenenepa, alhamdulillahi," akaniambia, akanivuta nikae karibu naye, akanipa kisu na vitunguu kana kwamba niliondoka jana. Baada ya dua mumewe, Shomari, akaja hadi kwenye kizingiti cha ua kutusalimu. Kichwa chake kimeanza kuota mvi, lakini mabega ni yaleyale ya mtu aliyebeba mbao za paa maisha yake yote. Akaninyooshea kidole mbele ya wanawake. "Huyu mnamwona? Huyu alinishika msuli mbele ya Kaole nzima, nikabaki nimeushikilia kwa mikono miwili usinidondoke!" Wanawake wakaangua kicheko. Mwajuma hakucheka. Aliendelea kumenya kitunguu chake, kisha akaniwekea mkono gotini, akauacha hapo kitambo.

Watu huniuliza nilikojifunza mambo ninayowafundisha vijana wa karakana yangu, nami huwajibu kwa kifupi: Bagamoyo, kwa Fundi Salehe. Jibu lenyewe hasa ni refu zaidi. Nilikuwa nimesomea umeme wa majumbani, na cheti changu kilikuwa bado kinanukia wino. Fundi Salehe alikuwa anatengeneza milango na kuezeka nyumba za wageni zilizokuwa zikichomoza kila mahali, Kaole mpaka Mbegani. Nilimfuata nikitaka kupanda juu, kwenye mapaa na madari, kutandaza nyaya. Alinisikiliza kwa adabu, mikono yake imejaa vumbi la mbao, kisha akasema, "Kazi ya juu ina wenyewe, binti. Wewe nitunzie vitu." Akanipa funguo za stoo. Nilizipokea nikiwa nimeudhika, lakini nilizipokea, maana nilijua kwamba mtu mwenye funguo haendi mbali na kazi.

Mwaka ule ndio Fundi alinunua zana za betri. Huko kwenye viwanja umeme ulikuwa haujafika, na jenereta lilikuwa linakunywa petroli kama ngamia. Kwa hiyo zikaja drili, bisibisi za kukaza skrubu, misumeno na mashine za kukatia bati, zote hazina waya, kila moja na betri yake ya kuchomeka kwenye mpini, nene kama kipande cha sabuni ya kufulia. Mafundi walizipenda kama watoto wanavyopenda baiskeli. Walipanda nazo juu ya paa bila kukokota waya, walishuka nazo, walilala nazo. Jioni walirudisha betri mjini zichajiwe, na hapo ndipo nilipoingia mimi, mtunza stoo.

Sina budi niieleze nyumba ile. Ghorofa ya chini ilikuwa sebule iliyogeuzwa karakana, kuta nene za mawe ya matumbawe, maranda yamejaa hadi kwenye vifundo vya miguu, na harufu ya mninga uliorandwa leo. Ukutani kulikuwa na rafu ya vanishi na thina. Karibu na rafu hiyo ilipanda ngazi ya mbao, ya zamani, kavu kama kiberiti, na chini ya ngazi ndipo ilipowekwa meza ya chaja, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na soketi. Soketi ilikuwa moja. Ekstensheni ikachomekwa kwenye soketi, ekstensheni nyingine ikachomekwa kwenye ile ya kwanza, na chaja zikapangwa bega kwa bega. Juu, mwisho wa ngazi hiyo pekee, aliishi Bi. Mwanakheri, mama yake Fundi Salehe, ambaye nyonga yake ilivunjika kitambo na hakuwa ameshuka chini tangu hapo. Alikuwa na kitanda, redio, dirisha la kutazamia ua, na masikio yaliyosikia kila neno lililosemwa katika nyumba ile.

Ijumaa yangu ya kwanza wanaume wote walikwenda msikitini. Betri walizileta saa hiyohiyo kutoka kwenye jua la Kaole, ukizigusa zinaunguza kama viazi vilivyotoka jivuni, wakazichomeka hivyohivyo, wakatia udhu wakaondoka. Nikabaki peke yangu chini na Bi. Mwanakheri peke yake juu. Nilikaa kwenye ngazi nikiwa sina la kufanya, nikawa natazama taa nyekundu za chaja zikiwaka na kuzima. Nikatazama maranda sakafuni. Nikatazama rafu ya thina. Nikatazama ngazi niliyoikalia, nikainua macho kuifuata hadi juu, na sauti ikatoka hukohuko juu: "We binti, huko chini mnachoma nini? Nasikia harufu ya plastiki." Nilizima swichi zote. Mafundi waliporudi wakakuta betri hazijajaa, wakanilaumu, nikawaambia wazi kwamba mimi ndiye niliyezima na kwamba nitazima tena.

Sikutaka kubishana na watu wazima kwa hisia tu. Juma lililofuata Fundi alinituma Dar es Salaam kununua skrubu, nikapita Kariakoo kwa kijana mmoja aliyekuwa akifufua betri kwenye kibanda kisichozidi upana wa kabati. Nilimwomba anionyeshe ndani. Akafungua betri iliyokufa, nikaona vitu kama mawe ya tochi yamelala safu kwa safu, yameunganishwa kwa utepe wa bati. "Hivi ni vipole ukivifanyia upole," aliniambia. "Ukivichemsha, ukivilowesha, ukivibamiza, vinakasirika. Na kimoja kikikasirika, kinamwamsha mwenzake, na mwenzake anamwamsha wa pili. Hapo huvizuii tena." Nikamuuliza maswali mengi mpaka akaacha kazi yake akaniagizia chai. Nilirudi na kile nilichokuwa nakihitaji.

"Fundi," nikamwambia jioni ile, "naomba chumba cha birika." Hicho kilikuwa chumba kidogo cha mawe kwenye pembe ya ua, mbali na jiko la Mwajuma, ambamo zamani watu wa nyumba ile walikogea. Sakafu yake saruji, dirisha lake pana, mlango wake unatazama nje. Kilikuwa kimejaa milango mibovu aliyoiacha marehemu baba yake.

"Cha nini?"

"Cha kuchajia. Bi. Mkubwa hawezi kushuka ngazi, na sisi tumeweka moto chini ya ngazi."

"Pale hakuna moto, binti. Pale kuna chaja."

"Ndiyo, Fundi. Leo kuna chaja."

Alinitazama. Kisha akainua uso kutazama dirisha la mama yake, ambako redio ilikuwa imepunguzwa sauti ghafla, akasema, "Itoe hiyo milango, basi. Lakini usiitupe."

Mwajuma ndiye aliyenisaidia kukifagia. Yeye alikuwa akiwapikia mafundi, na alikuwa na mtoto wa kike, Saida, aliyekuwa ndiyo kwanza ajifunze kutambaa, ambaye siku nyingi alimwacha Kaole kwa mama mkwe wake. Tulikwangua utando wa buibui, tukapaka chokaa, nikavuta waya mpya kutoka kwenye swichi kubwa, kazi ya kwanza ya umeme niliyoifanya kwa mikono yangu katika nyumba ile, na kila chaja ikapata soketi yake. Niliweka meza ya zege badala ya mbao. Kila chaja ikakaa na betri za aina yake, maana mafundi walikuwa wakilazimisha yoyote iliyoingia. Betri ikitoka juani niliiweka kwanza kwenye sakafu ya baridi mpaka nikiishika kiganjani nisisikie joto. Meno yake ya shaba niliyafuta kwa kitambaa kikavu, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani yetu haimwachi mtu, kisha nikaiziba kwa kifuniko chake isije ikagusana na misumari ndani ya kreti. Zile ambazo hazitatumika karibuni sikuzijaza wala sikuziacha tupu: niliziacha nusu, kama mtu anayekwenda kulala, asishibe sana na asilale na njaa. Nami nikitoka, umeme wa chumba kile unatoka pamoja nami. Hakuna kilichochajiwa bila mtu.

Mafundi walikiita chumba kile wodi. Mimi wakaniita Nesi. "Nesi, nimekuletea mgonjwa, ana homa!" Shomari alikuwa akipiga kelele tangu getini, amebeba betri yenye joto kwa ncha ya kanga aliyomnyang'anya mkewe, na wote wanacheka. Sikuchukia. Nilikuwa nimeshaona kwamba mtu anayekutania anakutii huku akicheka, na Shomari, aliyekuwa fundi wa paa hodari kuliko wote, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzilaza betri zake sakafuni kabla sijamwambia. Leo, katika karakana yangu, vijana nao wamenitungia jina. Silijui wala siliulizi.

Jambo moja tu lilinisumbua, na sikulipatia jina mapema. Wodi yangu ilipokea betri zenye joto, zenye vumbi, zilizoishiwa nguvu. Hata siku moja haikupokea betri iliyovunjika. Nilijua zinaanguka. Watu wanafanya kazi juu ya paa, vitu vinaanguka. Lakini sikuletewa. Nikaipata sababu wakati wa kula. Chakula cha mchana nilikula juu na Bi. Mwanakheri, kwa kuwa wanaume walikula uani na yeye hakupenda kula peke yake. Mwajuma alikuwa akitupandishia wali wa nazi na mchuzi wa changu, au muhogo na dagaa siku za kawaida, na tulikula kimya karibu na dirisha huku maneno ya chini yakipanda pamoja na moshi wa jiko. Siku moja tukamsikia Fundi Salehe akimwambia mtu aliyevunja msumeno: "Mimi sheria yangu mnaijua. Ukiharibu, unalipa." Sauti yake haikuwa ya ukali. Aliisema kama mtu anavyosema kesho ni Jumanne. Bi. Mwanakheri akachambua mwiba wa samaki, akauweka pembeni ya sahani. "Hata baba yake alisema hivyohivyo," akaniambia. "Nyumba hii haijawahi kuvunjika kitu. Vinapotea tu." Akacheka mwenyewe mpaka akakohoa, akaniomba maji.

Ilikuwa mwezi wa Mfunguo Pili, siku za mvua za vipindi. Mafundi walikuwa wakiezeka banda kando ya maji huko Mbegani, na nafasi ya betri moja kwenye rafu ya wodi yangu ikawa tupu. Nilimuuliza Shomari. "Nimeisahau kule kule, Nesi, nitaileta." Siku zikapita hakuileta. Nilimuuliza tena, akanijibu haraka mno, nami nikakaa na jibu lile kama mtu aliyemeza mfupa. Baada ya siku chache hakuja kazini. Adhuhuri Mwajuma akapanda na sahani zetu, akazitua mkekani, akajifuta jasho. Nikamuuliza hali ya shemeji.

"Homa, shoga. Nimemwacha kalala na Saida, mama mkwe kaenda mazikoni Mapinga." Akaanza kugeuka aondoke. "Hata huko kitandani haachi kazi. Anaichaji ile betri yake aliyoiosha."

"Aliyoiosha vipi?"

"Si ilianguka baharini? Kaiosha na maji ya kisima, kaianika juani, sasa imekauka vizuri. Kaazima chaja kwa jirani." Akaona uso wangu. "Nini?"

Sikuumaliza ule wali. Nakumbuka nilinawa mkono kwa adabu, kwa sababu Bi. Mwanakheri alikuwa akinitazama, na sikutaka kumtisha Mwajuma akashindwa kutembea. "Twende kwako," nikamwambia. "Sasa hivi." Bi. Mwanakheri alisukuma sahani yake akasema, "Nendeni." Tulipanda bodaboda moja wote wawili, mimi katikati, Mwajuma nyuma ananibana kiuno, na njia nzima nilikuwa nikipiga simu ya Shomari, inaita, inaita, haipokewi. Chumvi, kijana wa Kariakoo alikuwa ameniambia, haikauki. Maji yanaondoka, yenyewe inabaki ndani, inakula taratibu. Mnazi kwa mnazi, shamba kwa shamba, nilikuwa nikijiambia kwamba huenda nimekosea, na kwamba nikikosea nitakuwa na furaha sana kuchekwa.

Nyumba ya Shomari ilikuwa ya udongo na bati, baraza mbele, swichi kubwa ya umeme kwenye nguzo ya baraza. Niliishusha kabla sijavua viatu. Mwajuma alikuwa ameshaingia. Nilipofika mlangoni harufu ikanipokea, tamu, kali, kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Shomari alilala chali, amelowa jasho, mtoto ubavuni mwake, na chandarua kimewashukia wote wawili. Kando ya kitanda, juu ya kigoda, ndani kabisa ya pindo la chandarua, ilikuwa ile betri kwenye chaja. Umeme nimeukata, lakini haikujali. Ilikuwa imevimba ubavuni, na ilikuwa inalia kidogo, sss, kama birika linalokaribia kuchemka.

"Mchukue Saida, toka," nikasema. Mwajuma akainua chandarua, akamnyakua mtoto, akapita mbele yangu bila kunigusa. Nikamshika Shomari mkono nikamvuta mpaka akaketi. "Shemeji, amka. Moto." Macho yake yalikuwa ya mtu aliye ndotoni, akanipa shikamoo, masikini, akidhani mimi ni mama yake. Nilimtoa hadi barazani akiwa na msuli tu. Hatujafika mchangani nikasikia pa, kisha pa-pa, kama bisi kwenye sufuria, na dirisha likatema moshi mweupe. Halafu ukaja moto. Chandarua kilikwisha kwa pumzi moja. Sijaona kitu kikiisha upesi namna ile, na hadi leo nikiona chandarua kimening'inia karibu na soketi, hata nyumba ya watu, nakisogeza.

Hapo ndipo Shomari alipozinduka. "Drili!" akasema. "Drili ya Fundi iko ndani!" Akageuka kurudi. Nilimshika msuli kwa nyuma. Akavuta, nikavuta, majirani wanakuja mbio na ndoo, wanakuta fundi wa paa anayeheshimika anapigania nguo yake na mtunza stoo. "Niache, Rehema! Nitailipa na nini?" Nikamwambia, "Ukiingia, nitakuachia msuli na utaingia uchi mbele ya Kaole nzima." Akasimama. Majirani wakamwaga maji kutokea dirishani, nikiwazuia wasiingie. Moto ukafa, wakashangilia, nami nikawaambia wasiache kumwaga, na kweli ukawaka tena, betri ileile, kana kwamba ilikuwa imepumzika tu. Wakamwaga mpaka kisima kikatoa matope. Kitanda, nguo, godoro na sanduku la Mwajuma vikaisha. Ukuta ukabaki, bati likabaki limejikunja kwa moto. Saida alikuwa begani kwa mama yake, ananyonya vidole, anautazama moshi kama kitu kilicholetwa kumfurahisha.

Tulikaa mchangani, Shomari na mimi, baada ya watu kupungua. "Kwa nini hukuniletea?" nikamuuliza. "Ungefanyaje, Nesi? Ungeandika kwamba imekufa. Na nyumba hii sijamaliza kuiezeka." Nilimtazama mtu huyu aliyekuwa wa kwanza kuzilaza betri zake sakafuni, aliyezijua taratibu zangu zote, na nikaelewa kwamba hakukosa elimu hata kidogo. Alijua. Ndiyo maana aliipeleka mahali ambapo sitaiona.

Kesho yake Fundi Salehe aliniita juu, chumbani kwa mama yake, kwa kuwa hapo ndipo alipozungumzia mambo mazito. Bi. Mwanakheri alikuwa akikunja tambuu, redio imezimwa. Nilimwamkia, nikaketi mkekani.

"Shomari simtaki tena," akasema Fundi. "Kaficha kitu changu, kasema uongo, karibu amuue mtoto. Nimeamua. Nimekuita unikabidhi zana zake."

"Sikukabidhi, Fundi."

Nadhani katika maisha yake hakuwahi kujibiwa hivyo na mtu aliyeketi mkekani. Nikaendelea kabla hajapata pumzi. "Ukimfukuza Shomari, wale wengine hawatajifunza kutunza betri. Watajifunza kuficha vizuri zaidi. Mimi nimejenga chumba, nimevuta waya, nimepanga chaja, na betri iliyo mbaya kuliko zote ilichajiwa kitandani Kaole. Unajua kwa nini? Kwa sababu kwangu ingelipiwa."

"Kwa hiyo wavunje tu, mimi ninunue?"

"Walete tu. Aliyevunja akaleta, asilipe. Aliyeficha ndiye tuseme naye."

"Na wakianza kuvunja makusudi?"

"Nifukuze mimi."

Alinitazama, akamtazama mama yake. Bi. Mwanakheri alikuwa ameshatia tambuu mdomoni na alikuwa akitafuna, macho yapo dirishani, kama mtu asiye na habari ya chumba alichomo. Hakumsaidia. Wala mimi hakunisaidia. Fundi Salehe alisimama, akashuka ngazi, na kutoka dirishani tukamwona akienda katikati ya ua, akapiga makofi kuwaita mafundi. Alisema maneno machache. Hakueleza, hakuomba radhi, hakumtaja Shomari. Alisema kuanzia leo kilichovunjika kipelekwe kwa Rehema na hakuna atakayelipa, kisha akaenda zake kuranda mlango.

Siku ile hakuna aliyekuja. Siku ya pili mmoja akaleta betri yenye ufa, ameifunga kwenye gazeti, akaiacha mlangoni akaondoka bila kunitazama. Kisha zikaanza kuja. Moja ilitoka chini ya kitanda, moja kwenye pipa la mchele, moja ilikuwa imezikwa kwenye viazi. Nyingine ilikuwa imefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli na ilikuwa ikitumika kila siku. Fundi mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, aliniletea iliyovimba kama andazi na akasema amekuwa akiiweka juu ya kabati, kwenye chumba wanacholala watoto, kwa sababu hapo ndipo ilipokuwa salama isiibiwe. Nilizipanga zote nje, kwenye tuta la mchanga mbali na ukuta, kila moja kwa nafasi yake, mpaka nilipozipeleka Dar kwa wanaozichukua zilizokufa. Nilisimama pale uani nikizitazama. Wodi yangu niliyojivunia ilikuwa imewatibu wazima. Wagonjwa wenyewe walikuwa wametawanyika mji mzima, wamelala na watu.

Shomari alirudi kazini homa ilipokwisha. Mafundi walimwezekea upya chumba chake siku moja ya Jumapili, nami nikapanda juu kuwatandazia waya, na hakuna aliyesema kwamba kazi ya juu ina wenyewe. Mwajuma alitupikia pweza wa nazi. Tangu hapo Fundi Salehe akawa ananituma viwanjani, kwanza kwa kusitasita, kisha kama kitu cha kawaida, na funguo za stoo nikabaki nazo vilevile.

Mwaka wangu pale ulikuwa unakaribia kwisha, wiki moja kabla ya Ramadhani, tulipokuwa tunakula mchana uani. Siku hiyo nilikula chini, pembeni kidogo na Mwajuma, kwa kuwa Bi. Mwanakheri alikuwa na wageni. Wanaume walikuwa wamezunguka sinia. Tukasikia gari la Fundi likirudi nyuma getini, likasimama ghafla, kimya. Kitambo kikapita. Kisha Fundi Salehe akaingia ameshika chepe kwa mikono miwili, mpini mrefu mbele yake kama mtu anayebeba makaa ya moto, na juu ya chepe kulikuwa na betri iliyopondeka, plastiki imefunguka, utepe wa bati unaonekana. Mafundi waliacha kula. Nilimwona Shomari tonge limesimama njiani kuelekea mdomoni.

Fundi alikuja mpaka mbele yangu. Jasho lilikuwa likimtoka kwenye paji la uso.

"Nesi," akasema. Hakuwa amewahi kuniita hivyo. "Hii nimeikanyaga na gari. Mimi mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Nilimwonyesha upande wa mchanga. "Iweke kule, Fundi, mbali na ukuta. Kisha ukanawe, chakula kinapoa."

Akaenda, akaishusha taratibu, akasimama akaikagua. Akanawa mikono. Aliporudi kwenye sinia, Shomari alikuwa amekwisha kusogea, amemwachia nafasi.